Miale ya Asubuhi Kwenye Miti Yenye Ukungu: Namna ya Kuipiga Picha Huku Milimani

Karibu kila mwenye simu katika miteremko ya Mlima Elgon, mashariki mwa Uganda, amewahi kujaribu. Ametoka nje alfajiri, amekuta mikaratusi imesimama ndani ya ukungu na jua linapenya katikati yake kwa mistari minyoofu ya dhahabu, ametoa simu mfukoni na kupiga picha, na alichokiona kwenye kioo ni weupe mtupu, kana kwamba picha imemwagiwa maziwa. Alipoongeza mwangaza, weupe ulizidi. Aliposogea karibu, mistari ilipotea. Ilipofika saa mbili ukungu ulikuwa umekwisha.

Mara nyingi kosa si la simu wala la kamera. Mpigaji ameuwinda mwanga, ilhali picha ya namna hii huchorwa na kivuli. Maelezo yafuatayo yanaanzia hapo, na yanazingatia mazingira ya Uganda, kwa kuwa maelekezo mengi yanayosomwa mtandaoni yameandikiwa nchi ambazo jua lake huchomoza kwa namna tofauti kabisa na letu.

Mwale hutokeaje

Hewa safi haioneshi mwanga unaopita ndani yake. Tunauona mwanga pale tu unapogonga kitu na kurushwa kuelekea machoni petu. Ukungu ni matone madogo mno ya maji, mengi yakiwa na kipenyo cha mikroni 10 hadi 20, yaani sehemu moja au mbili tu ya milimita iliyogawanywa mara mia, na kila tone linapopigwa na jua huutawanya mwanga pande zote lakini kwa wingi zaidi kuelekea mbele, upande uleule ambao mwanga ulikuwa unakwenda. Ndiyo maana anayelielekea jua huiona miale iking'aa, na anayelipa jua mgongo, hata kama amesimama katika ukungu uleule, huona miti ya kijivu tu. Sharti la kwanza la kazi hii, basi, ni kusimama ukilielekea jua, au ukilikengeuka kidogo.

Sharti la pili husahaulika zaidi. Mwanga ukiujaza ukungu wote sawasawa, hakuna mwale, kwa sababu hakuna giza la kuutenga. Kinachochora mistari ni vivuli vya majani, matawi na mashina vinavyopita ndani ya ukungu kama ubao mweusi, na miale ni zile nafasi zilizobaki kati ya kivuli na kivuli. Sasa, jua si nukta. Kwa macho yetu lina upana wa nusu digrii hivi, na kwa hiyo ukingo wa kila kivuli hufifia kadiri unavyokwenda mbali na kilichokitupa, kwa kiasi cha sentimita moja hivi kwa kila mita moja. Jambo hili linaonekana dogo, lakini ndilo linaloamua ni mti gani wa kuusimamia. Tundu la upana wa vidole viwili kati ya majani ya mkaratusi litatoa mwale unaosomeka kwa mita tatu au nne, kisha utayeyuka. Tundu la upana wa beseni katika kichwa cha mringaringa litatoa mwale utakaovuka shamba zima. Mikaratusi iliyopandwa kwa safu huwapendeza wengi kwa sababu mashina yake yamenyooka, nami sina ugomvi nao, lakini kwa miale mirefu napenda mti mpana wenye matawi machache na mianya mikubwa. Mgomba nao si wa kudharau: majani yake mapana yaliyochanwa na upepo hutoa vipande vipana vya mwanga, hasa ukiwa umeinama chini yake.

Miale yote husafiri sambamba. Inapoonekana kutawanyika kama njiti za feni kutoka penye jua, hiyo ni hadaa ileile inayofanya kingo mbili za barabara iliyonyooka zionekane kukutana mbali. Mpigaji anaweza kuitumia atakavyo: lenzi pana ikilielekea jua moja kwa moja huonesha feni nzima, wakati lenzi ndefu ikielekezwa pembeni kidogo huonesha mistari iliyolala sambamba, na picha huwa na utulivu zaidi.

Usiku unaotangulia

Ukungu unaofaa huandaliwa tangu jana yake. Mvua ikinyesha alasiri na kuilowesha ardhi, kisha mawingu yakaondoka jioni na usiku ukawa mtulivu wenye nyota nyingi, ardhi hupoteza joto lake haraka, hewa iliyo karibu nayo hupoa hadi mvuke wake ugeuke matone, na hewa hiyo baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka taratibu kufuata makorongo na kutuama mabondeni. Kwa hiyo kabla ya kulala mimi hutoka nje na kutazama mambo matatu: kama nyasi zimelowa, kama nyota zinaonekana, na kama majani ya mgomba yametulia. Majani yakiwa yanapigapiga, naweka saa ya kuamka kama kawaida na kulala, kwa maana upepo huchanganya hewa na kuuzuia ukungu kutanda.

Uko ukungu mwingine ambao kwa hakika ni wingu lililoegemea mlima. Huu ni mzito, jua halionekani hata kama duara jeupe, na mtu anaweza kusubiri hadi saa nne bila kupata kitu. Kuutofautisha na ule wa bondeni, mimi hupima kwa miti: nikiuona vizuri mti ulio hatua hamsini mbele yangu lakini ule wa hatua mia mbili nikauona kama kivuli tu, nina ukungu wa kutosha. Kama hata ule wa hatua hamsini hauonekani, ninasubiri, kwa sababu saa nzuri kuliko zote ni ile ambayo ukungu umeanza kukatika. Kama kilima cha ng'ambo kinaonekana chote pamoja na nyumba zake, nimechelewa.

Upande wa Elgon mvua hunyesha zaidi kati ya Aprili na Oktoba, na miezi mikavu ni Desemba hadi Februari. Kwa maoni yangu nyakati bora ni za mpito, mvua zinapomalizikia mwezi Novemba na zinapoanza tena Machi na Aprili, kwa sababu ardhi ina maji lakini usiku mwingi huwa wazi. Kusini-magharibi, yaani Kabale na Kisoro, kuna misimu miwili ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, na hata katikati ya kiangazi cha Juni na Julai mabonde yenye mafunjo huamka yakiwa meupe kwa sababu usiku wa huko ni wa baridi kweli. Katikati ya ukame, ukungu ukikosekana, moshi wa jikoni hufanya kazi ya ukungu. Nyumba ya kupikia iliyoezekwa kwa nyasi huvujisha moshi kupitia paa asubuhi, na jua likipita kwenye miti iliyo karibu miale hujichora ndani ya moshi huo, yenye rangi ya samawati kidogo kwa kuwa chembe za moshi ni ndogo kuliko matone ya ukungu. Kuwasha majani msituni ili kupata moshi ni jambo ambalo nimeona likifanywa, na sishauri mtu yeyote alifanye.

Saa na upande

Hapa ndipo maelekezo ya wageni yanapotupoteza. Katika nchi za kaskazini jua huchomoza kwa mshazari na kujikokota karibu na upeo wa macho kwa muda mrefu. Sisi tuliopo jirani na ikweta tuna jua linalopanda karibu wima, kwa digrii 15 kila saa. Rangi ya dhahabu, ambayo wapiga picha huihesabu hadi jua lifike digrii 6 juu ya upeo, kwetu hudumu dakika 24 hivi tu. Saa moja na nusu baada ya mawio jua huwa limeshapanda digrii 20 na zaidi, rangi ya dhahabu imekwisha, na mara nyingi ukungu wenyewe umeshapanda. Mtu anayetaka kunywa chai kwanza achague siku nyingine.

Kapchorwa, kwetu kwenye miteremko ya kaskazini ya Elgon, jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini na nne hivi, mwanzoni mwa Novemba, na saa moja kasoro dakika tano, katikati ya Februari. Kabale, kwa kuwa iko magharibi zaidi, huchelewa kwa dakika 18 hivi kulinganisha na Kapchorwa siku ileile. Hizo ni saa za upeo ulio wazi. Milimani jua huonekana baada ya kuvuka kilima kilicho mbele yako, na dakika hizo za nyongeza lazima zihesabiwe kwa kila mahali peke yake.

Upande nao hubadilika kuliko watu wanavyodhani. Mwezi Juni jua huchomoza likiwa limeegemea kaskazini ya mashariki, kwenye digrii 66 hivi za dira, na mwezi Desemba huchomoza kusini ya mashariki, kwenye digrii 113 hivi. Tofauti hiyo ya digrii 47 inatosha kuufanya mti uliokupa miale mizuri mwezi Juni usikupe chochote mwezi Desemba, kwa kuwa jua sasa linatokea nyuma ya kitu kingine. Katika miteremko ya kaskazini ya Elgon, jua la Desemba huegemea upande wa bega la mlima na hukawia kutufikia. Wakazi wa upande wa magharibi, Bududa na Budadiri, wana hali yao: mlima wenyewe, ambao kilele chake cha Wagagai kina mita 4,321, unasimama kati yao na mawio, kwa hiyo jua linapowafikia limekwisha kupanda na rangi yake imeanza kuwa nyeupe. Wao hupata miale yenye mwinuko mkali zaidi, na wana muda wa kujiandaa ambao sisi hatuna.

Kwa sababu ya yote haya, kazi kubwa hufanyika jana yake. Nenda mahali ulipopachagua mchana, ukiwa na dira ya kwenye simu, utafute digrii ambazo jua litatokea, kisha usimame ili mti wenye mianya uwe kati yako na upande huo. Tazama pia nyuma ya mti huo. Kama nyuma yake kuna anga tupu, miale itapotelea kwenye weupe wa anga. Kama kuna ukingo wa korongo, kilima kilicho bado kivulini au msitu mzito, miale itasimama mbele ya giza hilo na itaonekana hata kwa simu ya bei nafuu. Nikilazimika kuchagua kati ya mti mzuri wenye anga nyuma yake na mti wa kawaida wenye giza nyuma yake, nachukua wa pili bila kufikiri sana.

Mahali pa kwenda

Naandika kutoka upande wa Sipi na Kapchorwa, kwa hiyo natetea kwangu kwanza. Sipi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, mashamba ya kahawa yamepandwa chini ya miti ya kivuli, makorongo ni mengi, na mtu hahitaji kuingia msituni kupata anachokitafuta. Ziwa Bunyonyi, lililo mita 1,962 hivi juu ya usawa wa bahari, lina faida ya maji ambayo hubaki na joto kuliko hewa ya usiku, hivyo mvuke huinuka juu yake alfajiri na kuingia kwenye mikaratusi ya ufukweni. Miteremko ya Rwenzori inayotazama mashariki hupokea jua la kwanza moja kwa moja kutoka bondeni, isipokuwa mawingu ya huko ni mkaidi. Bwindi, msitu wa kilomita za mraba 321 uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1994, una miti ambayo kwingine haipatikani tena kwa ukubwa huo, lakini ni hifadhi ya taifa na mtu haruhusiwi kuingia peke yake alfajiri. Ataingia na askari wa wanyamapori kwa utaratibu wa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, na wageni wanapoanza safari ya kuwaona sokwe saa bora ya miale huwa imepita. Wengi hupata picha yao wakiwa nje ya mpaka wa hifadhi, kwenye ua wa nyumba walikolala, wakiutazama msitu kutoka ng'ambo ya bonde.

Shamba lolote lina mwenyewe. Asubuhi moja niliteremka mapema chini ya barabara, nikasimama ukingoni mwa mibuni na kuanza kufungua stendi, na mzee mmoja akatokea na ng'ombe wake kwa kamba. Kiswahili chake alikipata Kitale, ambako alifanya kazi ujanani.

"Habari ya asubuhi, mzee," nilimsalimu. "Naomba ruhusa nisimame kwenye mibuni yako nipige picha ya jua."

"Jua lenyewe, au shamba?"

"Vyote viwili, mzee."

Alitazama nilikosimama, akatazama kilima. "Hapo hutapata kitu, kijana. Jua linatokea pale, na ukungu hulala kule chini penye mti mkubwa. Lakini ngoja kwanza huyu ng'ombe apite, asije akakupiga teke."

Nilimngoja ng'ombe apite, kisha nikashuka. Mti mkubwa ulikuwa mringaringa, nyuma yake ukingo wa korongo ukiwa mweusi kabisa. Jua lilipovuka kilima sikuona kitu kwa dakika mbili au tatu, weupe tu. Nikapiga hatua mbili kushoto ili shina lilifunike jua, na hapo miale mitano ikajitokeza kwa mara moja, kila mmoja ukiangukia kichaka chake cha kahawa. Umande ulikuwa unadondoka kutoka kwenye majani, na kila tone lililoivuka miale lilimetameta mara moja na kuzimika. Haikufika robo saa. Zile hatua mbili kushoto zilinifunza zaidi ya chochote nilichokuwa nimesoma: jua likionekana uchi ndani ya fremu huijaza lenzi weupe, na likifunikwa na shina au tawi nene, macho na kamera huanza kuona vilivyokuwapo muda wote.

Kuiandaa kamera

Weka kila kitu tayari usiku, na asubuhi ukague tena. Nasema hivi nikiwa na sababu. Wakati mmoja nilitoka kwenye sherehe ya usiku iliyonilazimu kupandisha ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, hadi 6400, nikalala, nikaamka na kukimbilia bondeni, na picha zote thelathini za ukungu uleule ambao ningeutafuta mwaka mzima zilitoka na chembechembe kama zimenyunyiziwa mchanga. ISO ya kazi hii ni 100 hadi 400.

Upenyo wa lenzi, yaani tundu linalopitisha mwanga, ambalo huwa dogo kadiri namba yake inavyokuwa kubwa, ukiwa f/8 au f/11 unatosha kuweka mti wa karibu na wa mbali katika hali ya kusomeka. Ukitaka jua linalochungulia pembeni mwa shina liote ncha kama nyota, lifinye tundu hadi f/16. Kasi ya shata, yaani kipazia kinachofunguka na kujifunga ili kupitisha mwanga, itafuata mwanga uliopo, na ikishuka chini ya sehemu 1/60 ya sekunde, tumia stendi. Usiiachie shata ikae wazi kwa sekunde nzima ukidhani ukungu umetulia, kwa sababu ukungu husogea na miale hubadilika nao, na mistari iliyokuwa na kingo kali itatoka kama moshi.

Jambo linalohitaji uamuzi ni kiasi cha mwangaza. Kipimo cha kamera hudhani kila mandhari ni ya kijivu cha wastani, na mbele ya mti mweusi wenye mwanga nyuma yake kitajaribu kuling'arisha giza, ambalo ndilo tunalolihitaji. Shusha mwangaza kwa hatua moja, yaani nusu ya mwanga ambao kamera imependekeza, upige, kisha utazame histogramu, ile grafu ya mwangaza yenye giza kushoto na weupe kulia: mlima wa grafu usigote ukuta wa kulia, isipokuwa kwa kijisehemu kidogo cha jua lenyewe. Kilichoungua kwa weupe hakirudi, na kilichobaki gizani kinaweza kuinuliwa baadaye, hasa ukihifadhi faili ghafi badala ya picha iliyokwisha kubanwa. Ukiwa na wasiwasi piga tatu mfululizo, moja kama kamera ilivyopendekeza na mbili zenye mwangaza wa chini yake, na uchague ukiwa nyumbani.

Fokasi ya kujiendesha huhangaika ndani ya ukungu, ikienda mbele na kurudi nyuma bila kupata pa kushika. Ielekeze kwenye ukingo wa shina jeusi lililopigwa na mwanga nyuma yake, na ikishika, ihamishie kwenye fokasi ya mkono ili isitangetange tena. Mizani ya weupe, yaani mpangilio wa kurekebisha rangi ya mwanga, nayo isiachwe ijiamulie, kwa maana itaiona dhahabu ya asubuhi kama kosa na kuisafisha; iweke kwenye alama ya jua, au kelvini 5,500 kwa kamera inayoruhusu namba.

Kichujio cha kupunguza mng'ao (polaraiza), ambacho wengi hukiacha kwenye lenzi wakati wote, kivuliwe. Nguvu yake huwa kubwa pale unapotazama pembeni mwa jua kwa digrii 90, na ukilielekea jua kinachobaki ni kioo cha ziada cha kuleta madoa ya mwanga. Futa kioo cha mbele kwa kitambaa kikavu, tena kila baada ya dakika chache, kwa sababu ukungu hukaa juu yake bila wewe kujua. Kofia ya lenzi husaidia. Usipokuwa nayo, kiganja cha mkono wa kushoto kilichoinuliwa juu ya lenzi, nje kidogo ya fremu, hufanya kazi hiyohiyo.

Kwa wenye simu

Simu nzuri ya leo inatosha, mradi izuiwe kujiamulia. Futa lenzi yake, ambayo imetoka mfukoni ikiwa na mafuta ya vidole, na mafuta hayo ndiyo chanzo cha ule weupe wa maziwa mara nyingi kuliko ukungu wenyewe. Zima taa ya mmweko, kwa kuwa itayamulika matone yaliyo hatua moja mbele yako na kukuletea theluji. Gusa kioo mahali penye mwale, shikilia kidole hapo hadi fokasi na mwangaza vifungwe, kisha buruta kushuka chini mpaka mashina yawe meusi. Simu nyingi pia huunganisha picha kadhaa ili kusawazisha giza na mwanga. Kwa picha ya harusi hilo ni jema, lakini hapa linafuta vivuli, kwa hiyo lizimwe kama mipangilio inaruhusu. Lenzi pana sana ya simu huifanya miti ionekane mbali na miale ionekane myembamba kama nyuzi, hivyo tumia ile ya kawaida na usogee kwa miguu.

Usalama

Alfajiri hakuna anayekuona ukianguka. Vaa gambuti, beba tochi, na mwachie mtu ujumbe kuhusu ulikokwenda. Baada ya mvua kubwa ya siku kadhaa usisimame chini ya mteremko wenye nyufa wala ukingoni mwa korongo lililolowa; watu wa Elgon hawahitaji kuelezwa sababu, hasa baada ya maporomoko ya Bududa ya Machi 2010. Na kamwe usilitazame jua kwa jicho kupitia lenzi ndefu ya kamera yenye kioo cha kuchungulia, tumia skrini.

Baada ya kurudi

Kamera iliyopoa bondeni ikiingizwa ghafla kwenye nyumba yenye moto wa jikoni hulowa, nje na wakati mwingine ndani, kwa sababu mvuke wa chumba hugeuka maji juu ya vyuma vyake baridi. Kabla ya kuingia ndani, iweke kwenye kavera, yaani mfuko wa plastiki, uifunge, na uiache hivyo kwa nusu saa au zaidi. Unyevu utakaa juu ya kavera badala ya lenzi.

Katika kuhariri, vuta giza la vivuli kidogo zaidi na uinue mng'ao wa miale kidogo, uishie hapo. Programu nyingi zina kitufe cha kuondoa ukungu, ambacho kikitumika kwa wingi huondoa kile ulichokiamkia. Ukiona utando mweupe kuzunguka matawi, umepitiliza.

Picha ikienda kuchapishwa, iongezee mwangaza kuliko unavyoipenda kwenye kioo, kwa kuwa karatasi haitoi mwanga wake yenyewe na vivuli vyetu hivi hugeuka masizi. Chapisha kwanza moja ndogo uitazame mchana, nje ya duka. Ile ya mringaringa niliichapisha Mbale mara mbili kabla haijakubali, nikampelekea mzee kama nilivyoahidi. Aliishika kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu, akautambua mti, akatambua hata mbuni uliokatwa tawi.

"Nzuri," alisema. "Sasa ng'ombe yuko wapi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza, kwa sababu miale peke yake haioneshi ukubwa wa mahali. Anayeitazama hajui kama mti una mita tano au thelathini mpaka kiumbe asimame chini yake. Kapchorwa tuna bahati ya pekee katika hilo. Hii ndiyo nchi ya Stephen Kiprotich, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya London mwaka 2012, na ya Joshua Cheptegei, aliyeshinda mita 10,000 mjini Paris mwaka 2024, na kila alfajiri vijana hukimbia kwa makundi kwenye barabara hizi ndani ya ukungu. Mkimbiaji anahitaji shata ya 1/500, na apigwe akiwa katikati ya nafasi kati ya shina na shina, ili umbo lake jeusi lisigandamane na mti. Ng'ombe anayetembea anatosheka na 1/250. Nilirudi kwa mzee mwezi Machi uliofuata, na safari hiyo niliandaa kila kitu, nikasimama hatua zilezile mbili kushoto, nikamwomba amfungue.